Alikuwa Polisi Mmoja na Hapakuwa na Mbwa

Jumatatu, 11 Shaaban

Lutfiya ameninunulia daftari hili leo, baada ya kunisikia nikimsimulia mwenye duka la nyuzi yaliyonipata Alhamisi. Nilipoanza kusimulia, Ijumaa, polisi alikuwa mmoja. Jumamosi, kwa jirani yangu Bi Tima, wakawa wawili. Leo dukani wamefika wanne, na mmoja wao ana bunduki ndefu. Mwanangu akanivuta kando akaniambia, "Mama, kweli yako yatosha. Iandike kabla hujaipoteza." Nilimkasirikia njia nzima mpaka nyumbani, lakini ana haki. Chumvi ikizidi, chakula hakiliki.

Basi naandika. Alikuwa polisi mmoja.

Mimi ni Kibibi, mtunga vikuba vya maua wa Kuze. Bi harusi wa mtaa huu hatoki ndani bila kikuba changu kifuani, na mamake naye ataka chake cha kichwani. Alhamisi kabla ya magharibi nilikuwa napeleka kikapu nyumba ya harusi: asmini, vilua, na mafungu ya mrehani niliyoyafunga kwa gazeti yasinyauke. Mbele ya mlango wa Bi Tima akanisimamisha konstebo mmoja kijana, jina lake Oliver, limeandikwa kifuani. Akafungua gazeti, akanusa. Akauliza, "Hii ni nini?" Nikamwambia mrehani. Akanusa tena, akasema huko kote alikofanya kazi hajaona mtu akizungusha majani ndani ya gazeti kwa nia njema.

Nikacheka. Hicho kicheko ndicho kilichoniponza. Alinishika mkono akanisukuma, goti langu likapiga kizingiti, kikapu kikamwagika, asmini zikakanyagwa. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini, "Mama huyu anauza bangi."

Nililazwa kituoni mpaka asubuhi. Hawakuniandika katika kitabu chao, wala hawakuniambia kosa langu. Ijumaa mkubwa wao akaja, akanusa mrehani, akaniambia niende nyumbani, kama vile nilikuwa nimekwenda kuwatembelea. Mrehani wangu wakabaki nao. Bi harusi akatolewa na maua ya plastiki, na hilo nalo nimelisikia mpaka leo.

Jumatano, 13 Shaaban

Joto la kaskazi. Hakuna aliyeagiza kikuba.

Alhamisi, 14 Shaaban

Bi Maimuna wa Bondeni ametuma salamu. Mwanawe Abdulswamad amemposa Lutfiya tangu Rajab, na mahari yaletwe Mfungo Mosi, baada ya Idi. Salamu zenyewe: "Mwambieni Bi Kibibi, wacha kwanza mambo yatulie."

Najua kutulia huko. Posa ikitulia hulala, ikilala huzikwa. Mwanangu ni mwalimu wa chekechea pale Tononoka, hana doa, na sasa ataachwa kwa sababu ya majani ya kutia kwenye nywele. Nimelia jikoni. Yeye alikuwa anapiga pasi buibui lake la kazini.

Ijumaa, 15 Shaaban

Alasiri amebisha hodi kijana nisiyemjua, kofia ameishusha mpaka machoni. Akauliza kwa upole kama hapa ndipo kwa mama wa ile kitu. Nilimfukuza na ufagio mpaka kona ya msikiti. Kesho naenda kushtaki.

Jumatatu, 18 Shaaban

Jumamosi ofisi hufungwa, nimekwenda leo. Ni ile ofisi ya raia, ya watu wasio polisi wanaochunguza polisi. Nilipoambiwa iko, sikuamini. Nikampata mchunguzi, Bwana Nicanor Awiti, mtu wa bara, amevaa suti na tai katika joto hili.

Nikamuuliza, "Nyinyi ni polisi?"

"Hapana, mama."

"Mna bunduki?"

"Hatuna."

"Sasa polisi atawaogopa kwa nini?"

"Kwa sababu ya sheria, mama."

Nilimtazama sana. Alikuwa anasema kweli, yaani yeye mwenyewe anaamini. Nikamweleza yote, polisi mmoja, nilisoma daftari hili nyumbani kabla ya kwenda. Akaandika, akanisomea, nikatia sahihi. Akauliza nataka nini. Nikamwambia, nimefedheheshwa mbele ya mlango wa Bi Tima, nataka nisafishwe mbele ya mlango wa Bi Tima. Akasema mashahidi ndio wataamua kama jopo lao litanisikia au litafunga faili. Nikacheka. Mashahidi ni Kuze nzima.

Alhamisi, 21 Shaaban

Leo nimeaibika mara ya pili.

Bwana Awiti alikuja asubuhi kuonana na mashahidi. Tangu alfajiri nilikuwa jikoni: mahamri, mbaazi za nazi, sharubati ya ukwaju yenye barafu. Akaketi, nikamwekea sinia. Akaweka mkono kifuani, akasema, "Samahani sana, mama. Siruhusiwi kupokea kitu kwa mlalamikaji wala kwa shahidi."

"Ni mahamri tu."

"Hata maji, mama."

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye tai. Nikadhani ananiogopa, kwamba huenda na yeye ameamini habari za majani. Nikaondoa sinia kwa hasira, nikamwonyesha nyumba ya Bi Tima, ng'ambo ya njia, dirisha kwa dirisha na langu. Bi Tima akamtolea kahawa na kaimati. Akakataa. Bi Tima, ambaye akiwa juu kwenye roshani yake humjua samaki aliye ndani ya kikapu cha mpita njia, akasema, "Miye mwanangu sikuona kitu. Mato yangu siku hizi si mato."

Akaenda nyumba ya tatu, akakataa juisi ya embe. Hawakuona. Ya nne akakataa sahani ya vibibi. Wale walikuwa wamelala, saa ya magharibi, mlango wazi. Kufikia alasiri Kuze ilikuwa imekata shauri: mtu asiyeonja cha watu ana lake jambo. Wengine walisema ni polisi aliyejigeuza. Wengine walisema huko bara wameambiwa sisi twatia vitu ndani ya chai. Hakuna aliyeona, wala aliyesikia. Hata mimi mwenyewe nikaanza kujiuliza kama nilikuwepo.

Ijumaa, 22 Shaaban

Hakuna aliyeagiza kikuba.

Jumatatu, 25 Shaaban

Nimekwenda ofisini kumgombeza Bwana Awiti. Nikamwambia amewatukana majirani zangu nyumba kwa nyumba. Akanisikiliza mpaka nikachoka, kisha akasema, "Mama, nikinywa chai yako, konstebo atasema umeninunua kwa chai. Halafu haki yako itafia hapo."

Nikafikiri. Chai yangu haimnunui mtu. Mbaazi zangu labda. Nikaona kumbe ananilinda, na mimi nimemwita majina ambayo hata hapa siyaandiki.

Akasema ana mwezi mmoja tu wa kupata mashahidi. Wasipopatikana faili itafungwa, na itaandikwa kwamba malalamiko yangu hayakuthibitika. Nikaliona hilo neno likipelekwa Bondeni kwa Bi Maimuna, mbio.

Jumatano, 27 Shaaban

Nimepata! Nilikuwa nachagua mchele wa futari, Lutfiya anahesabu siku zilizobaki kabla ya kufunga, nikatupa ungo. Nikampigia Bwana Awiti. "Njoo Ramadhani. Njoo mchana."

"Si watu watakuwa wamechoka na saumu, mama?"

"Watakuwa wamechoka, na hawatakuwa na cha kukukaribisha nacho. Wewe hutakataa kitu, na wao hawatakasirika."

Nikamsikia akicheka. Sikujua kama huyu mtu hucheka.

Jumapili, 1 Ramadhani

Saumu njema. Kiu.

Jumanne, 3 Ramadhani

Bwana Awiti amekuja adhuhuri bila tai. Akabisha hodi, akaamkia vizuri, akauliza hali za watoto na za saumu, akaketi mikono mitupu kama kila mtu. Kwa Bi Tima alikaa mpaka alasiri. Nilisikia sauti yake Bi Tima ikipanda na kushuka kama anayesoma maulidi. Akaenda nyumba ya tatu, ya nne, mpaka duka la nyuzi. Kila alipokwenda, alisikilizwa na kusimuliwa. Nimekula futari kwa raha leo, raha ya kwanza tangu nikamatwe.

Jumatano, 4 Ramadhani

Bwana Awiti amenipigia simu. Sauti yake ilikuwa nzito.

"Mama, mbwa alikuwa wa rangi gani?"

"Mbwa gani?"

"Bi Tima anasema walikuwa polisi sita na mbwa. Nyumba ya nne wanasema gari mbili. Mwenye duka la nyuzi anasema polisi wanne, na mmoja alikuwa na bunduki ndefu."

Bunduki ile ni yangu. Niliitoa mwenyewe dukani kwake, bure, nikinunua uzi. Nikamwambia Bwana Awiti kwa aibu. Akasema maelezo yakigongana namna hii, jopo litasema Kuze imekaa ikatunga, na konstebo atatoka safi. Ati konstebo ameshaandika kwamba hakumgusa mtu, na kwamba majani yalipelekwa maabara.

Nikamwambia, "Niachie mimi. Leo leo nawaambia wamtoe mbwa."

Akawa mkali, mara ya kwanza. "Hapana. Usiwafundishe mashahidi. Ukizungumza nao habari hii hata neno moja, mimi mwenyewe nitafunga faili."

Alhamisi, 5 Ramadhani

Sijawahi kufunga saumu ngumu hivi. Njaa si kitu, kiu si kitu. Bi Tima ameniita kutoka dirishani kwake wakati nakaanga sambusa: "Kibibi, shoga, nalisema vyema kwa yule bwana?" Nikafunga dirisha. Akaita tena, "Ndoo hapa basi nikwambie nalimwambia nini." Nikaenda kukaa chooni.

Jumatatu, 9 Ramadhani

Bi Tima amenuna. Amemwambia Lutfiya kwamba yeye amenipigania kwa kila silaha aliyonayo na mimi namfungia dirisha. Silaha yenyewe ndiye huyo mbwa. Nilimeza maneno yangu pamoja na tende.

Lutfiya hazungumzi habari za posa. Nimemuuliza leo kama Abdulswamad amempigia simu. Akasema, "Alipiga kuuliza kesi itakwisha lini." Akaendelea kukanda unga.

Jumatano, 11 Ramadhani

Maabara imejibu. Bwana Awiti amenisomea kwenye simu: mmea wa jikoni, wenye harufu nzuri, si dawa ya kulevya. Kuze ilikuwa yajua hilo kabla maabara haijajengwa.

Jumamosi, 14 Ramadhani

Hakuna aliyeagiza kikuba, lakini ni Ramadhani, najipa moyo kwamba ndiyo sababu.

Jumanne, 17 Ramadhani

Nitaandika taratibu, nisiruke neno.

Bwana Awiti alirudi leo na maelezo ya mashahidi yamepigwa chapa, kila mtu asomewe yake, aape, atie sahihi. Akaanza kwa Bi Tima. Madirisha yalikuwa wazi kwa joto, yake na langu, nami nilikuwa nimekaa chini ya dirisha nachambua mchicha. Sikumfundisha mtu. Masikio ni yangu.

Alisoma polepole. "Niliona polisi sita wakija kwa mbio, na mbwa mmoja mkubwa." Akasimama. "Bi Tima, uko tayari kuapa kwamba haya ni kweli?"

Nikasikia upepeo wake ukikoma. Kisha sauti ya Bi Tima, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Leo mwezi ngapi?"

Yule mtu wa bara akajibu bila kusita, "Kumi na saba Ramadhani."

"Na mimi nimefunga."

"Ndiyo, mama."

"Basi mtoe mbwa."

Kalamu ikakwaruza karatasi. "Nimemtoa. Na polisi sita?"

"Watoe watano." Akavuta pumzi. "Huyo mmoja usimtoe. Huyo nalimuona kwa mato yangu haya. Alimshika Kibibi mkono, akamsukuma kwenye kizingiti changu, akamwita muuza bangi. Na Kibibi aliniangalia. Andika na hili, mwanangu: aliniangalia miye, nami nikafunga dirisha."

Mchicha wote uliloa machozi. Kumbe nilikuwa nalijua hilo dirisha tangu siku ile, ila sikuliandika hapa, kwa sababu lingeniuma zaidi ya goti. Na kumbe mbwa na polisi watano aliwaweka hapo yeye mwenyewe, ili lisionekane.

Alipotoka Bwana Awiti nilivuka njia. Hatukusema neno la kesi, na hakuna sheria inayokataza watu wawili kukaa kimya. Tulikaa mpaka adhana, tukafuturu pamoja kwa tende zake na uji wangu.

Jumatano, 18 Ramadhani

Habari imeenea. Mwenye duka la nyuzi amekwenda mwenyewe mpaka ofisini kuirudisha bunduki. Nyumba ya nne wameondoa gari zote mbili. Wote sasa wana polisi mmoja, kijana, mwenye hasira. Bwana Awiti anasema hajaona ushahidi ukipungua hivi na ukapata nguvu.

Jumapili, 29 Ramadhani

Mwezi umeonekana. Kutoka Bondeni hakukuja hata sahani ya tambi.

Jumatatu, Idi

Idi njema kwa wenye furaha.

Jumatatu, 8 Mfungo Mosi

Mvua ya kwanza. Maji yamejaa njia, wapita njia wameshika viatu mikononi. Hii ndiyo wiki ambayo mahari yangeletwa. Lutfiya amekwenda kazini na mwavuli wa kijani, amerudi na mafua.

Jumatatu, 22 Mfungo Mosi

Jopo limeamua. Bwana Awiti amenisomea: nilikamatwa bila sababu, niliwekwa ndani bila kuandikwa, nilisukumwa na nikatukanwa. Konstebo atapelekwa kwenye nidhamu ya kazi, na niombwe radhi. Nikauliza wapi. Akasema kwa kawaida huwa ni ofisini, kwa barua. Nikamwambia, "Nilifedheheshwa kwa mdomo, njiani. Sisafishwi kwa karatasi, ndani." Akasema atauliza. Nikamwambia aulize kwa nguvu.

Alhamisi, 25 Mfungo Mosi

Amekuja.

Kabla ya magharibi, mvua inanyesha, mbele ya mlango wa Bi Tima. Konstebo Oliver, mkubwa wake, na Bwana Awiti na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Madirisha ya Kuze yote wazi, vichwa vimejaa, na roshani ya Bi Tima nikaihofia isianguke. Konstebo alivua kofia, mvua ikamnyeshea. Akasema jambo fulani akiutazama mfereji.

Bi Tima akasema kutoka juu, "Hatusikii."

Akainua kichwa. "Nilisema mama huyu anauza bangi. Haikuwa kweli. Alikuwa amebeba maua ya harusi. Nilimsukuma na nikamfunga bila haki. Naomba msamaha kwake na kwenu."

"Jina lake," akasema Bi Tima.

"Kwa Bi Kibibi."

Kwa miezi miwili na zaidi nilikuwa nimemwandalia maneno, mengine ya kumkausha ini. Sasa namtazama, naona kijana mwenye umri kama wa mwanangu, midomo inamtetemeka, na hasira yangu siioni tena. Hilo nalo liliniudhi. Nikamwambia, "Nimekusamehe." Kisha nikamgeukia Bwana Awiti kabla hajafurahi sana. "Nimemsamehe mimi. Faili yenu isisamehe. Akiadhibiwa, aadhibiwe, asije akamnusa mwingine."

"Hiyo haiko mikononi mwako wala mwangu, mama," akasema. Na kwa mara ya kwanza jibu hilo likanipendeza.

Ijumaa, 26 Mfungo Mosi

Asubuhi nimeagizwa vikuba vya harusi mbili. Baada ya sala ya Ijumaa amebisha hodi Bi Maimuna mwenyewe, amekuja na sahani ya halwa imefunikwa kitambaa cha kutarizi. Nilimkalisha mahali pazuri, nikatia kahawa, nikasahau goti, nikasahau sahani ya tambi isiyokuja.

"Mambo yametulia alhamdulillahi," akasema. "Siye twaona mahari yaje Mfungo Pili."

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema karibuni. Lutfiya akatoka ndani, akamwamkia Bi Maimuna kwa heshima, akambusu mkono, akakaa.

"Bi Maimuna," akasema, "waliposema mama yangu auza bangi, nyinyi mulimuuliza nani?"

"Mwanangu, watu walikuwa wakisema."

"Ofisi ya Bwana Awiti imeuliza kila mlango wa Kuze, kwa mwezi mzima, wakiwa hawatujui. Nyinyi mwatujua, mwala kwetu, na hamukuuliza hata mlango huu. Namtakia Abdulswamad heri. Mimi sitaolewa kwenu."

Hakupandisha sauti. Bi Maimuna alitazama halwa yake, akanitazama mimi, akangojea nimkemee mtoto. Mtoto wa kukemewa nilikuwa naye, ulimi wa kukemea sikuupata. Akainuka, akaaga vizuri, akaondoka bila sahani.

Mlango ulipofungwa hasira ilinirudia yote. Nikamwambia, wajua nimehangaika namna gani? Nimekwenda ofisini na mguu mbovu, nimemkosea Bi Tima, nimekaa chooni Ramadhani nzima, yote kwa ajili ya posa hii yako.

"Posa hukuniuliza kama naitaka bado, mama," akasema. "Tangu ile Alhamisi nalikuwa nangojea kitu kimoja tu, wewe upite njia hii kichwa juu. Jana ulipita."

Nilikumbuka Ijumaa ile nilipotoka kituoni, buibui limechanika, harufu ya seli mwilini, kabla hajaja Bwana Awiti, kabla Bi Tima hajafungua dirisha. Lutfiya alikuwa amesimama nje ya lango la kituo tangu alfajiri. Hakuniuliza kama ni kweli. Aliniuliza goti laniuma wapi, akanishika mkono tukaenda nyumbani. Na katika haya yote niliyomsimulia kila mtu, yeye sijawahi kumwambia ahsante.

Nimemwambia leo.